Namna ya Kukisaidia Kikundi cha Jamii Kukabili Mabadiliko ya Tabianchi Kandokando ya Ziwa Victoria

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliye karibu na vikundi vya wananchi katika mkoa wa Mwanza na mialo ya jirani, yaani fukwe ambapo mitumbwi hushusha samaki, awe afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwalimu, kiongozi wa dini, mstaafu mwenye uzoefu wa uongozi au kijana aliyehitimu chuo na kurudi nyumbani, ambaye anaona mvua zikibadilika na ziwa likipanda na kushuka, na anataka nguvu zake ziwafae watu wanaoathirika. Unahusu kazi ya msaidizi. Kazi ya kikundi chenyewe itaamuliwa na wanakikundi, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inaonyesha jinsi ya kuuheshimu uamuzi huo huku ukiuimarisha kwa taarifa, nyaraka na fedha.

Jambo moja linapaswa kutangulia mengine yote. Kazi ya tabianchi hudumu pale inapoingizwa ndani ya shughuli iliyowakutanisha watu tangu mwanzo, yaani dagaa, majaruba ya mpunga, hisa za kila wiki au usalama wa mtumbwi. Kikundi kilichoundwa kwa ajili ya mradi wa mazingira peke yake mara nyingi humalizika siku fedha za mradi zinapomalizika, na miche iliyopandwa siku ya uzinduzi hubaki haina mwenyewe.

Chagua kikundi ambacho tayari kinakutana

Usiunde kikundi kipya kabla hujavijua vilivyopo. Katika kata nyingi za Ilemela, Nyamagana, Magu, Misungwi, Sengerema, Buchosa, Kwimba na Ukerewe utakuta vikundi vya kuweka na kukopa, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi ambacho watu wa mwaloni hukiita BMU, wanawake wanaochakata dagaa kwa pamoja, jumuiya ya watumia maji, kamati ya mazingira ya kijiji au mtaa, kwaya, na klabu ya wanafunzi. Usukumani kuna historia ndefu ya kulima kwa pamoja, na ndiyo iliyozaa ngoma ya bugobogobo inayochezwa kwa majembe na kuvipa nguvu vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vinavyoshindana hadi leo. Watu waliozoea kukutana hivyo wanajua nani hulipa deni lake, nani hutunza siri ya kikao, na nani huahidi asitimize. Ujuzi huo haununuliwi, na msaidizi anayeupuuza atalazimika kuujenga upya kwa miaka.

Pitia milango inayostahili. Mwone mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kisha mtendaji, kisha afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na kama kikundi ni cha mwaloni, mwone pia afisa uvuvi, kwa sababu BMU ipo kwa mujibu wa sheria za uvuvi na ina majukumu yake tayari. Baada ya hapo omba ruhusa ya kuhudhuria vikao vya kawaida viwili au vitatu bila kuleta ajenda yoyote. Katika vikao hivyo tazama kama muhtasari wa kikao kilichopita unasomwa, kama mweka hazina anatoa taarifa bila kuombwa, na jinsi wanavyomaliza ugomvi. Kikundi kilicho katikati ya mgogoro wa fedha kisaidie kwanza kufunga hesabu zake, au kiache kwa wakati huo; shughuli mpya juu ya mgogoro wa zamani huuongezea tu sababu.

Muda wa kukutana nao una kanuni zake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, na mwanga wa mwezi mpevu huwazuia samaki kukusanyika kwenye taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi ndizo siku ambazo wavuvi wako nchi kavu, wamepumzika na wanarekebisha nyavu. Panga vikao vyao siku hizo. Wanawake wanaoanika dagaa wana shughuli nyingi asubuhi, mitumbwi inapoingia, na wana nafasi zaidi alasiri. Wakulima usiwaite mvua za kwanza za vuli zinaponyesha, hata kama kalenda ya ofisi yako inataka hivyo. Zingatia pia lugha: Kiswahili kinatosha mjini, lakini katika vijiji vingi wazee hueleza mambo ya mvua na udongo kwa ukamilifu zaidi wanapotumia Kisukuma, na visiwani Kikerewe, Kikara au Kijita. Mwombe mwanakikundi anayeheshimiwa akutafsirie, na umpe nafasi ya kusema polepole.

Sikiliza kwanza, kisha tenganisheni sababu

Zoezi linalofaa kuanza nalo ni kalenda ya majira. Chora miezi kumi na miwili ardhini au kwenye karatasi kubwa, kisha waache wanakikundi waweke mvua, upepo, bei ya dagaa, miezi ya njaa, magonjwa na miezi ya karo. Wakimaliza, waombe wazee waeleze jinsi kalenda hiyo ilivyokuwa zamani. Hapo ndipo historia ya ziwa hujitokeza. Mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2006 lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi, na mwaka 2020 maji yakapanda tena hadi kuingia katika nyumba, mashamba na mialo ya nchi zote tatu zinazolizunguka, kisha yakafanya hivyo tena mwaka 2024.

Waeleze kwa nini ziwa hili lina mabadiliko makubwa namna hiyo. Lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 40 tu, na takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe. Maji mengi pia huondoka kwa kufukizwa na jua, na yanayobaki hutoka kwa mto Nile pale Jinja, nchini Uganda. Kwa hiyo mvua ikizidi au ikipungua kwa misimu michache mfululizo, wakazi wa Kayenze au Nansio huiona tofauti hiyo kwenye ngazi za mwalo wao.

Sehemu ngumu zaidi ya zoezi, na ambayo naisihi isirukwe, ni kutenganisha sababu. Ukame ulichangia kushuka kwa ziwa mwaka 2006, lakini maji mengi yaliyoachiwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja yalichangia pia. Mafuriko kando ya mto Mirongo katikati ya Jiji la Mwanza hutokana na mvua kubwa, lakini hukuzwa na milima iliyovuliwa miti, nyumba zilizojengwa hadi kwenye njia za maji na taka zinazoziba mitaro. Kupungua kwa samaki kuna mkono mkubwa wa makokoro, yaani nyavu za kukokota, na nyavu nyingine haramu. Mvuvi aliyeshuhudia kokoro likizoa vifaranga vya sato, akiambiwa na mgeni kwamba samaki wameondoka kwa sababu ya tabianchi, ataacha kumwamini mgeni huyo katika mambo mengine yote, na atakuwa na haki. Zaidi ya hayo, kikundi kinachoambiwa kwamba kila kitu kimetoka angani hakioni cha kufanya. Lakini kinapotambua kwamba sehemu ya mafuriko inatoka kwenye mtaro wake, kazi ya Jumamosi ijayo imepatikana.

Waambie pia ukweli kuhusu chanzo cha joto la dunia. Nchi yetu imechangia kidogo sana katika gesi zilizolileta, na mama anayekaanga samaki Igombe hana deni la kulipa kwa sababu hiyo. Kazi iliyo mbele yake ni kuhimili. Pale ambapo kikundi kitapunguza moshi au mkaa, kwa mfano kwa majiko banifu ya kukaushia samaki au kwa taa za sola badala ya karabai, sababu ya kwanza iwe faida yao wenyewe: kuni chache, mafuta ya taa yasiyonunuliwa tena, macho na mapafu yaliyopumzika. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, unakipa kikundi hoja ya kuwasilisha halmashauri kinapoomba msaada wa majiko au mitungi.

Mfano mmoja kwa kirefu: dagaa na mvua zisizotabirika

Nachukua mfano wa wanawake wanaoanika dagaa kwa sababu ndani yake mambo mengi ya mwongozo huu yanakutana. Dagaa huingia asubuhi. Wakianikwa juu ya mchanga au mawe na jua likawa kali, hukauka vizuri. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huoza au hugeuka rangi, na wale waliokusudiwa kuliwa na binadamu huuzwa kwa bei ya chini ili wawe chakula cha kuku. Zamani mama alijua takribani miezi ya hatari. Mvua zinaponyesha nje ya miezi hiyo, mtaji wa wiki nzima unaweza kupotea kwa alasiri moja, na mkopo wa kikundi unabaki palepale.

Njia inayofahamika ni kichanja: fremu ya miti iliyoinuliwa kama mita moja kutoka ardhini na kutandikwa wavu wa matundu madogo. Hewa hupita juu na chini, dagaa hukauka haraka zaidi, hawana mchanga, na turubai linaweza kufunikwa juu yao kwa dakika chache wingu linapoonekana. Wazo ni rahisi, lakini msaidizi asikimbilie kununua mbao. Kuna maswali ambayo kikundi kinapaswa kuyajibu chenyewe.

Swali la kwanza ni mahali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, kwa hiyo wazungumze na BMU na afisa mazingira kabla ya kuchimba shimo hata moja. Kisha waende pamoja na wazee wakaweke alama mahali maji yalipofika mwaka 2020 na mwaka 2024, na vichanja vikae juu ya alama hiyo. Swali la pili ni zamu: siku mitumbwi inapoingia imejaa, vichanja havitatosha, na bila utaratibu ulioandikwa mapema, wenye sauti kubwa watavitumia na wajane watarudi mchangani. Swali la tatu ni nguzo. Miti itatoka wapi leo, na itatoka wapi nguzo hizi zitakapoliwa na mchwa? Kikundi kinachojibu swali hili kwa uaminifu mara nyingi hufikia uamuzi wa kupanda shamba lake dogo la miti, na miti hiyo, tofauti na ile ya sherehe, ina mwenyewe anayeisubiri.

Waanze na vichanja viwili kwa msimu mmoja. Dagaa wa ndoo moja waanikwe mchangani na wa ndoo nyingine, kutoka mtumbwi uleule, waanikwe kwenye kichanja. Siku ya kuuza, uzito na bei viandikwe kwenye daftari na mwanakikundi aliyechaguliwa. Baada ya msimu watakuwa na takwimu za kwao wenyewe, na takwimu hizo zina uzito mkubwa mbele ya afisa mikopo kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu utakayowaandikia. Kama kichanja hakikuleta tofauti ya maana mwaloni kwao, daftari litasema hivyo pia, nao watakuwa wamepoteza fremu mbili tu.

Taarifa za hali ya hewa zifike mwaloni

Naamini hakuna eneo ambalo msaidizi mwenye simu na uvumilivu anaweza kuokoa uhai kwa gharama ndogo kama hili. Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu hujengeka juu ya milima. Usiku hali hugeuka: nchi hupoa, pepo hutoka pande zote za ufukwe kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji yenye joto na kuinua mawingu makubwa ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa letu hupiga kati ya usiku wa manane na asubuhi, saa zilezile ambazo mitumbwi ya dagaa iko mbali na taa zake zimewashwa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa kila siku, tahadhari za hali mbaya ya hewa na utabiri wa misimu, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Tatizo kubwa huwa katika hatua za mwisho, kati ya taarifa na mtu anayesukuma mtumbwi. Kisaidie kikundi kuchagua watu wawili, ikiwezekana mmoja wao mwanamke anayebaki mwaloni jioni, watakaopokea taarifa kila siku kabla mitumbwi haijaondoka na kuziandika kwenye ubao ulio mahali pa wazi, kwa maneno machache: upepo, mawimbi, mvua, tahadhari. Wasiojua kusoma wawekewe bendera ya rangi ambayo wote wamekubaliana maana yake. Pembeni pawepo nafasi ya wavuvi wazoefu kuandika dalili zao, kwa kuwa mzee aliyevua kwa miongo kadhaa husoma upepo na radi za mbali kwa namna ambayo haipaswi kudharauliwa. Kila asubuhi pia iandikwe kilichotokea kweli, ili baada ya miezi michache watu wajue utabiri una nguvu wapi na una udhaifu wapi katika eneo lao.

Utabiri wa msimu unahitaji maelezo ya ziada. Ukisema mvua za vuli zinatarajiwa kuwa chini ya wastani, hautoi ahadi. Unaeleza uwezekano ulio mkubwa zaidi. Mkulima asiyeelezwa hivyo ataacha kuusikiliza mara ya kwanza utakapotofautiana na alichokiona. Mwombe afisa ugani akae na kikundi mwezi Septemba wajadili maana yake kwa mashamba yao: mbegu zinazokomaa mapema, sehemu ya shamba ya kuweka mtama au mihogo, kiasi cha viazi vitamu vya kukausha michembe kwa ajili ya miezi ya uhaba.

Kuna jambo la madaraka ambalo ubao peke yake hauliwezi. Mara nyingi uamuzi wa kuingia ziwani si wa vijana walio ndani ya mtumbwi. Ni wa mwenye mtumbwi na injini, yule anayeitwa tajiri, ambaye anadaiwa mafuta na huenda usiku huo amelala mjini. Kama matajiri hawakuhudhuria kikao, tahadhari itasomwa na mitumbwi itaondoka vilevile. Waalikeni kwa heshima, na mzungumze waziwazi juu ya jaketi okozi, nani anazinunua, na nani anahakikisha zimevaliwa badala ya kukaliwa. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kuzinunua kwa jumla na kuwakopesha wanachama wakalipa kidogo kidogo.

Miti, mafunjo na ardhi inayopumzishwa

Juu ya miti nitasema kwa ufupi, kwa kuwa watu wengi wameshasema sana. Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni, na huku kwetu tarehe hiyo ni mwanzo wa kiangazi. Mche uliopandwa siku hiyo unahitaji kumwagiliwa kwa karibu miezi minne, na kama hakuna zamu ya kumwagilia iliyoandikwa, usiupande. Vuli inapoanza kushika ndipo wakati wake, maana mche hupata mvua za vuli, kisha za masika, kabla ya kukutana na kiangazi chake cha kwanza. Sherehe ya Juni itumike kuandaa vitalu, kusafisha mitaro na kuhesabu miti iliyo hai. Kuhesabu miti iliyo hai baada ya kiangazi cha pili ndicho kipimo ninachokiheshimu.

Mikaratusi hukua haraka na inafaa kwa nguzo, lakini hunywa maji mengi na isipandwe karibu na chemchemi wala visima. Kandokando ya maji mikuyu na miti mingine ya asili inajua mahali pake. Mafunjo na matete yaachwe yasimame, kwa sababu huchuja udongo na uchafu unaotoka milimani na huwapa sato mahali pa kulelea vifaranga. Kikundi kinachowashawishi majirani wasichome mafunjo kwa ajili ya bustani kimefanya kazi kubwa bila kununua kitu chochote.

Mahali pengi ardhi haihitaji mche, inahitaji kupumzishwa. Ngitili, yaani eneo linalofungwa kwa msimu ili nyasi na vichaka virudi kwa ajili ya malisho ya kiangazi, ni maarifa ya Wasukuma wenyewe, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 uliyatumia kurejesha maeneo makubwa ya migunga yaliyokuwa yamebaki wazi. Kisiwani Ukara, wakulima waliishi kwa wingi juu ya ardhi ndogo kwa vizazi kwa kufuga ng'ombe ndani, kutunza samadi, kujenga matuta ya mawe na kurutubisha shamba kwa marejea, mmea wa jamii ya kunde unaofukiwa udongoni kama mbolea. Ziara ya siku moja kwa mzee wa Ukara aliye tayari kuonyesha shamba lake itawafundisha wanakikundi wa Sengerema mambo ambayo semina ya hotelini haitayafikisha.

Kikundi kikichagua kuondoa gugumaji kwenye mwalo wake, kisiingie majini bila maandalizi. Kichocho kimeenea kandokando ya ziwa, na mamba na nyoka hujificha ndani ya magugu. Watumie reki ndefu wakiwa ukingoni au mtumbwini, wavae mabuti, na magugu yaliyotolewa yapelekwe mbali na maji yakawe mboji, la sivyo mvua ya kwanza itayarudisha.

Fedha na karatasi

Usishike fedha za kikundi, hata kwa siku moja, hata wakikuomba kwa sababu wanakuamini. Wasaidie wawe na katiba fupi wanayoielewa, akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, leja, na desturi ya kusoma hesabu kwa sauti. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Nidhamu hiyohiyo ndiyo itakayobeba fedha za tabianchi. Hakikisha pia kwamba wamesajiliwa, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavihusu vikundi hivyo, na usajili wao hufanyika kupitia halmashauri.

Chanzo cha fedha kilicho karibu zaidi ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotolewa kama mkopo usio na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu uliorekebishwa, hivyo waulize ofisi ya maendeleo ya jamii masharti yaliyopo sasa. Kumbukeni kwamba ni mkopo, na utarejeshwa. Vichanja vya dagaa, majiko banifu ya kuuza, au kitalu cha miche yenye wateja vinaweza kuurejesha. Kusafisha mto au kulinda mafunjo hakuwezi, na kazi za namna hiyo zitafutiwe ruzuku, michango, au sehemu ndogo ya mfuko wa jamii wa kikundi chenyewe. Fungu dogo la dharura ambalo halikopeshwi, linalofunguliwa mafuriko au dhoruba inapowapata wanachama, lina thamani kubwa kuliko ukubwa wake.

Kama mfadhili anahitaji andiko, liandikwe kwanza kwa Kiswahili pamoja na wanakikundi, bajeti yake ikisomwa mstari kwa mstari, na ndipo litafsiriwe kama kuna ulazima. Wanakikundi wasioujua mpango ulioandikwa kwa jina lao hawawezi kuutetea mbele ya mkaguzi. Nina msimamo mkali juu ya posho: usilipe watu kwa kuhudhuria kikao cha kikundi chao. Lipia nauli ya aliyetoka kisiwani, lipia chakula cha siku ya kazi nzito, lakini posho ya kukaa hubadilisha sababu ya watu kuja, na siku itakapokosekana hutawaona tena.

Mambo yanayohitaji nguvu ya kijiji kizima

Kuna kazi ambazo kikundi hakiziwezi peke yake, kama kuzuia uchomaji wa mafunjo au kulinda ngitili dhidi ya mifugo ya watu wasio wanachama. Kijijini njia yake ni sheria ndogo: hoja huanzia serikali ya kijiji, hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha huidhinishwa na baraza la madiwani. Mjini mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo, kwa hiyo hoja hupitia kamati ya maendeleo ya kata na diwani hadi halmashauri ya jiji au manispaa. Wasaidie kuifanya hoja iwe fupi, ikiwa na ramani iliyochorwa kwa mkono na majina ya mipaka ambayo kila mkazi anayajua, na waiwasilishe wao. Msaidizi akae nyuma ya ukumbi.

Angalia pia ni nani wanaosema. Katika mikutano mingi wanaume wazima huzungumza kwanza na kwa muda mrefu, ilhali wanawake ndio wanaoteka maji na kuanika dagaa, na vijana ndio wanaokesha ziwani. Gawanya kikao katika makundi madogo, kila kundi lijadili peke yake na kuleta msemaji wake, kisha yaliyosemwa yaandikwe yote kabla mjadala wa pamoja haujaanza. Kabla ya kupanda mti au kujenga kichanja, ulizeni kwa upole ardhi ni ya nani kwa maandishi. Eneo lililokopeshwa kwa mdomo kwa kikundi cha wanawake lina hatari ya kudaiwa likishaanza kuleta faida, na hati ya makubaliano iliyoshuhudiwa na mtendaji humaliza shaka hiyo.

Kupunguza ziara zako

Tangu mwezi wa kwanza, kila nyaraka iwe na nakala ndani ya sanduku la kikundi, na kila kazi unayoifanya wewe, kama kupiga simu kwa afisa uvuvi au kujaza fomu ya mkopo, ifanywe mbele ya mwanakikundi ambaye mara ijayo ataifanya yeye na wewe ukitazama. Daftari la ubao wa hali ya hewa, daftari la dagaa na hesabu ya miti iliyo hai vitunzwe na watu watatu tofauti, kila mmoja akiwa na msaidizi wake, maana watu huhama kambi, huolewa, huugua.

Misimu miwili ikishapita, punguza ziara hadi ibaki moja kwa robo mwaka, kisha moja kwa mwaka, mwezi Septemba, utabiri wa vuli unapokuwa umetolewa. Kikao hicho kiitishwe na mwenyekiti wao kwa barua yao. Madaftari matatu yasomwe, alama za maji kwenye ufukwe zikaguliwe, jaketi okozi zihesabiwe na matundu ya turubai yashonwe, na kama kuna kazi waliyoiona haifai, waifute kwenye mpango wa mwaka unaofuata na sababu iandikwe kwenye muhtasari.